Pembe mraba ya timazi, ya kamba na ya skwea: ipi kwa kazi ipi, na wapi uiache kabisa

Kila nyumba ya vyumba ina pembe mraba, yaani za digrii 90, za aina mbili, na hazitoki mahali pamoja. Kuna ile ya ukuta kusimama juu ya sakafu, na kuna ile ya ukuta kukutana na ukuta mwenzake kwenye kona. Ya kwanza dunia inakupa bure, mchana na usiku, uwe Arua au Kisoro. Ya pili hakuna wa kukupa. Unaitengeneza mwenyewe kwa kamba, kwa tepu au kwa skwea (kile chombo cha umbo la L), na ukiikosea utajua siku ya kupiga mabati, au siku ya kupanga vigae, pale kipande cha mwisho kinapokuwa kipana upande huu na chembamba upande ule.

Wapo mafundi hodari wanaotumia chombo kimoja kwa zote mbili. Skwea ya chuma inasimamishwa ukutani kupima wima, kisha skwea hiyohiyo inalazwa chini kuanzisha msingi wa mita 12. Itafanya, lakini katika kila moja ya kazi hizo kuna kitu kinachoizidi, na mara nyingi kitu hicho ni uzi tu. Nalinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayejenga kwake, anayesimamia vibarua, au mwalimu anayetaka watoto waione pembe hii nje ya daftari.

Ile inayotoka kwa dunia

Funga kizito kwenye uzi, uninginize, usubiri utulie. Uzi unafuata mvuto wa dunia. Maji kwenye beseni pembeni, yakitulia, uso wake unakaa mraba na uzi huo kila upande. Tayari una digrii 90 bila hesabu. Timazi na pimamaji vyote vinategemea kanuni hiyo moja, na hata programu ya kupima usawa kwenye simu haina siri nyingine: ndani mna kihisi kinachosikia mvuto unavuta kuelekea wapi.

Mpenda ubishi atasema dunia ni duara, kwa hiyo timazi mbili haziwezi kuwa sambamba, kila moja inaelekea katikati ya dunia. Ni kweli. Chukua kuta mbili zilizoachana mita 10, kila moja na kimo cha mita 3, zote zimesimama timazi. Huko juu zitakuwa zimeachana zaidi kuliko chini kwa kama milimita 0.005, kiasi ambacho unywele wa kichwani unakizidi unene mara nyingi. Ili tofauti hii ianze kumsumbua mtu inabidi ujenge kitu kama daraja la Humber kule Uingereza, ambalo minara yake ina zaidi ya mita 150 kwenda juu na imeachana mita 1,410. Vichwa vya minara hiyo vimeachana milimita 36 zaidi ya miguu yake. Kwa nyumba ya Uganda, timazi haina mpinzani.

Kasoro zake ni za mtumiaji. Upepo unaichezesha, tumbukiza kizito kwenye ndoo ya maji, kitatulia. Pimamaji ikianguka kutoka kwenye jukwaa huenda ikaharibika bila alama yoyote ya nje, kwa hiyo ijaribu kabla ya kuiamini: iweke mahali, angalia povu, kisha igeuze, mwisho wa kulia uwe kushoto. Povu lisiporudi palepale, pimamaji hiyo ni ya kupigia mstari tu. Mpira wa maji unaoonyesha ndani, ambao maji ya ncha zake mbili hukaa usawa mmoja, ni wa bei ndogo na unafika mbali kuliko pimamaji yoyote ya mkononi, ila ukiwa na povu la hewa katikati utakudanganya mchana kweupe.

Ukitaka kuona timazi ikifanya kazi bila mtu, nenda Kigezi. Kilima kimelala kwa mteremko mkali, lakini mikalitusi iliyoota juu yake imesimama wima, sambamba na ile ya bondeni. Mti haujali mteremko, unasikiliza mvuto. Anayejenga huko afanye vivyo hivyo. Kosa la kawaida milimani ni kuipima kona kwa kulaza tepu juu ya ardhi kama ilivyo, na hilo nitalirudia kwa hesabu.

Uganda ina pembe mraba nyingine ambayo nchi nyingi hazina. Mstari wa ikweta unapita Kayabwe, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka. Kwenye mstari huo jua linapochomoza linapanda mraba na upeo wa macho, kila siku ya mwaka, na linapotua linashuka hivyohivyo. Ndiyo sababu giza letu halibembelezi. Likiamua kuingia limeingia. Karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba, mionzi ya mchana inashuka wima kabisa, na nguzo iliyosimama timazi inapoteza kivuli chake. Usitafute tukio hilo saa sita kamili, maana saa yetu inafuata mstari wa longitudo 45 ulio mashariki ya nchi yenyewe. Lisubiri kati ya saa saba kasoro robo na saa saba mchana.

Jua linaweza hata kukuchorea pembe mraba ardhini. Simamisha kijiti timazi, weka alama kwenye ncha ya kivuli asubuhi, chora duara linalopita kwenye alama hiyo na katikati yake pawe ni kwenye kijiti. Mchana kivuli kitafupika, kisha kitarefuka tena hadi kiguse duara upande wa pili. Unganisha alama mbili: huo ni mstari wa mashariki na magharibi. Kutoka katikati ya mstari huo hadi kwenye mguu wa kijiti ni kaskazini na kusini, na mistari hiyo miwili inakatana kwa digrii 90. Siku zile za Machi na Septemba njia hii haikufai karibu na ikweta, kwa sababu ncha ya kivuli inapita karibu kabisa na mguu wa kijiti. Siku nyingine inafaa, ila inakula nusu siku na wingu moja linaivuruga. Mimi ningeitumia kwa jambo moja: kuamua nyumba itazame wapi, ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na jua kali la asubuhi na jioni liishie kwenye kuta fupi. Kwa kona za msingi, hapana.

Na timazi nayo ina mpaka. Haijui kona. Kuta mbili zinaweza kusimama wima bila dosari na bado zikakutana kwa digrii 85.

Pembe ambazo maumbile huchonga bila fundi

Hizi huwezi kujengea, lakini zinafundisha pembe mraba inazaliwa wapi na inakataliwa wapi, na somo hilo lina faida mbele ya safari.

Anza na shimo la wapiga matofali. Udongo wa mfinyanzi uliobaki chini, siku chache baada ya mvua kukatika, unaanza kupasuka. Inama uangalie ufa mmoja mrefu, kisha tafuta ufa mwingine unaoujia kutoka pembeni. Mara nyingi unauingia mraba, kama herufi T. Sababu yake ni nzuri. Tope likikauka linasinyaa na kujivuta pande zote. Ufa wa kwanza ukifunguka, mvutano wa kuukata ufa huo unaisha hapo kando yake, unabaki mvutano unaokwenda sambamba nao tu. Ufa mpya hufunguka kwa kuukata mvutano uliopo, kwa hiyo njia iliyobaki ni kuingia kwa digrii 90. Mahali ambapo tope linalowa na kukauka tena na tena kwa misimu, mambo hubadilika: makutano husogea kidogo kidogo hadi nyufa tatu zinagawana nafasi sawa, digrii 120 kila moja, na ardhi inaonekana kama sega la nyuki lililochorwa na mtoto. Ukiona T nyingi, tope hilo limekauka mara moja au chache. Ukiona Y nyingi, ni mahali pa zamani.

Chumvi ni habari nyingine. Katwe, ndani ya kreta katika wilaya ya Kasese, watu wanavuna chumvi kwenye vidimbwi kama walivyovuna mababu zao. Chumvi yenyewe, ile kloridi ya sodiamu, chembe zake zimejipanga kwa kupokezana katika pande tatu zinazokatana mraba, na mpangilio huo unaendelea hadi ukubwa wa jicho kuona. Ndiyo maana punje yake ni mchemraba, na ukiivunja inavunjika kwa nyuso za mraba. Usitegemee kuiona hivyo kwenye bonge la Katwe, kwa sababu humo mna magadi na madini mengine yaliyochanganyika. Fanya nyumbani: koroga chumvi safi ya dukani kwenye maji moto mpaka igome kuyeyuka, mimina kwenye sahani, acha ikauke polepole bila kuguswa. Utapata viraba vidogo vyenye ngazi ngazi, pembe zake kali kuliko za seremala yeyote. Pairaiti, madini ya chuma na salfa, nayo hutoa michemraba, na milima ya Kilembe ina pairaiti yenye kobalti. Ila ile iliyolundikwa Kasese kutoka mgodini ilikuwa imeshasagwa, hakuna mchemraba wa kuokota.

Mawe ya kawaida je? Mwaka 2020 Gábor Domokos wa Budapest na wenzake walichapisha matokeo ya kupima vipande vingi vya mawe yaliyovunjika yenyewe. Jiwe moja moja lina umbo lake la ajabu, lakini ukichukua wastani unapata nyuso 6 na ncha 8, yaani hesabu za mchemraba. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, alikuwa ameshasema zamani kwamba umbo la udongo ni mchemraba, kwa sababu zake nyingine kabisa. Wapondaji kokoto wetu wameishi na wastani huo mikononi bila kuombwa maoni.

Tukija kwa vyenye uhai, pembe mraba inaadimika, lakini haikosekani. Chuma tawi la mujaaja, ule mmea wa kutia kwenye chai, ulishike shina kati ya kidole gumba na cha shahada, ulizungushe taratibu. Haliviringiki, linadunda pembe kwa pembe, nne kwa mzunguko. Jamaa yake mrehani ni vivyo hivyo. Kwenye kila kona ya shina kuna mkanda wa tishu ngumu unaolishikilia, na nyama ya katikati inabaki laini. Majani yake nayo yanatoka mawili mawili, na kila jozi imegeuzwa digrii 90 kutoka kwa jozi ya chini yake, hivyo jozi jirani hazizibiani jua. Angalia chipukizi lililosimama wima la mbuni, iwe robusta ya Masaka au arabika ya Mlima Elgon: mpangilio ni huohuo. Na ndani ya sikio lako kuna mifereji mitatu midogo iliyokaa karibu mraba kila mmoja kwa wenzake. Kichwa kikigeuka upande wowote, angalau mmoja unasikia.

Nyuki ndiye aliyeikataa pembe mraba waziwazi. Sega lake ni la pembesita, digrii 120. Ukigawa eneo kwa vyumba vya mraba vyenye ukubwa sawa na vile vya pembesita, mraba unadai kuta ndefu zaidi. Pembesita inaokoa kama asilimia 7. Kwamba hakuna umbo lingine la kugawa eneo sawa sawa litakalotumia kuta chache zaidi, mwanahisabati Thomas Hales alilithibitisha mwaka 1999. Mzinga wa kisasa wa Langstroth kwa hiyo ni kichekesho kidogo: seremala amejinyima usingizi kupata pembe mraba nje, na mwenye nyumba ndani hana hata moja.

Ukivipanga hivi vyote utaona mwelekeo. Pembe mraba hutokea pale kitu kinapopasuka, pale chembe zinapojipanga safu kwa safu, au pale vitu vinapogawana pande tatu za nafasi. Pale panapokuwa na kani inayosukuma kutoka ndani au nje, au nta ya kubana matumizi, maumbile huchagua mkunjo au digrii 120.

Kona ya ardhini: hapa ndipo pa kuchagua kwa makini

Tuseme msingi ni wa mita 9 kwa 12. Vigingi vimesimikwa, misumari imepigwa juu yake, uzi umevutwa. Sasa kona. Nitachukulia kwamba fundi ni mwangalifu lakini ni binadamu, na kila kipimo chake kina kosa la sentimita 1. Swali ni moja: kosa hilo dogo litakuwa kubwa kiasi gani mwisho wa ukuta wa mita 12?

Njia maarufu ni 3-4-5. Unapima 3 upande mmoja wa kona, 4 upande wa pili, na kati ya alama hizo mbili pakiwa 5 kamili, kona ni mraba, kwa kuwa 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, na jumla yake, 25, ni 5 mara 5. Wababeli walizijua pembetatu za namna hii zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Pythagoras kuzaliwa. Hakuna anayebisha njia yenyewe. Tatizo ni kipimo kinachotumika. Mafundi wengi wanapenda futi 3, 4 na 5, kwa sababu tepu ni fupi na mtu mmoja anaweza kuifanya bila msaidizi. Kosa la sentimita 1 kwenye ule upande wa futi 5 linazaa kosa la kama sentimita 16 mwisho wa mita 12. Tumia mita 3, 4 na 5, kosa lilelile linashuka hadi sentimita 5. Tumia mita 6, 8 na 10, linakuwa sentimita 2 na nusu. Pembetatu ni ileile, kazi ni ileile, ila ukubwa ndio unaookoa. Mtu akikuambia amefanya 3-4-5, muulize: za futi au za mita?

Na apime kutoka kwenye msumari, asipime kutoka ukingo wa kigingi. Kigingi cha mti kina unene wa sentimita kadhaa, na vibarua wawili wakishika tepu kila mmoja ukingo wake, hesabu ya juu yote imekwenda na maji.

Skwea ya chuma ya sentimita 60 ijaribiwe kwanza kwenye ubao: piga mstari, igeuze chali, piga mstari mwingine kutoka nukta ileile. Mistari ikiachana milimita 2 mwishoni, skwea ina kosa la milimita 1, maana kugeuza kunaongeza kosa mara mbili. Milimita 1 kwa sentimita 60 ni sentimita 2 kwa mita 12, na hilo linavumilika. Lakini bado hujapeleka mstari wa sentimita 60 hadi mita 12. Uzi ukikaa milimita 2 nje ya ukingo wa chuma, huko mwisho uko sentimita 4 nje. Skwea ni ya fremu za milango, madirisha, meza, kenchi na tofali la kwanza la kona. Kwenye msingi inakusaidia kuanza, basi.

Mishazari, yaani kupima kutoka kona hadi kona ya mkabala, ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Kwa 9 kwa 12, kila mshazari ni mita 15 kamili. Mishazari miwili ikitofautiana sentimita 1, ukuta wa mita 12 umeyumba kama milimita 8 tu. Hakuna njia nyingine ya tepu inayokaribia hapo, kwa sababu inatumia ukubwa wote wa jengo. Ina masharti mawili. Kwanza, haikujengei kona. Inaikagua kona ambayo imeshajengwa kwa njia nyingine. Pili, pande za mkabala lazima ziwe sawa kwanza, mbili za 9 na mbili za 12. Trapeza yenye miguu miwili sawa nayo ina mishazari sawa, na haina kona mraba hata moja. Fundi anayepima mishazari pekee na kutangaza ushindi anaweza kukuachia nyumba iliyopanuka nyuma.

Kwa hiyo mchanganyiko wangu wa msingi ni huu: 3-4-5 kwa mita (au 6-8-10 ploti ikiruhusu) kuanzisha kona moja, pande zote nne kupimwa, halafu mishazari kuhukumu. Tofauti ya mishazari ikizidi sentimita 1, sogeza vigingi viwili vya upande mmoja kwa pamoja, pima tena. Ni kazi ya robo saa. Kuing'oa kozi ya pili ya tofali ni kazi ya siku nzima na maneno juu.

Kuna njia ya kamba isiyo na vipimo, na inafaa kijijini ambako tepu imeazimwa na haijarudi. Kwenye uzi wa ukuta weka alama sehemu unayotaka kona, kisha alama mbili, moja kila upande, kwa umbali sawa, kamba ileile. Kutoka kila moja ya hizo, zungusha kamba ndefu zaidi, ileile kwa zote mbili, uchore upinde. Pinde zinapokutana, vuta uzi hadi kwenye kona. Ni digrii 90, na hakuna tarakimu iliyotajwa. Udhaifu wake ni kwamba inakuhitaji urefushe mstari nje ya kona, na mara nyingi huko nje ni kwa jirani mwenye seng'enge.

Mteremko ndio unaoharibu kila njia ya tepu. Upande wa mita 4 ukishuka nusu mita kuelekea bondeni, urefu wake wa mlalo ni mita 3.97, na kosa la sentimita 3 limeingia hata kama macho yako ni ya mwewe. Kapchorwa, Kabale, Bundibugyo, usiilaze tepu kwenye ardhi. Inyanyue iwe bapa kwa mpira wa maji, kisha shusha nukta chini kwa timazi. Hapo pembe ya dunia inaitumikia pembe ya kamba, na hakuna mbadala wa kudumu.

Leza za pembe mraba, zinazopiga mistari ya mwanga, zinauzwa, na ni nzuri ndani ya nyumba kwa vigae na makabati. Nje juani mwanga wake hauonekani. Jengo la ghorofa au uwanja wenye mipaka ya ugomvi, mwite mpima ardhi mwenye mashine yake. Dira ya simu isikaribie kazi hii. Nondo moja tu inaipotosha.

Pale ambapo kona ni mzigo

Tangi la maji lijengwe duara. Hapa sina pande mbili. Maji yenye kina cha mita 2 yanasukuma chini ya ukuta kwa uzito wa kama tani 2 kwa kila mita mraba. Ukuta ulionyooka unapinda katikati na kufungua kona. Ukuta wa duara unagawana mvutano huo kuzunguka pande zote, na waya au nondo ndogo zinautosha. Uganda tayari kuna matofali ya kufungamana yaliyopinda, ya udongo na saruji kidogo yasiyochomwa, yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Kwa nyumba ya kulala, mizani inacheza. Chumba cha mita mraba 20 kikiwa duara kinahitaji ukuta wa mita 15.9, kikiwa mraba, mita 17.9; kikiwa 4 kwa 5, mita 18. Duara linaokoa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ukuta, upepo unalizunguka, na halina kona za kufunguka ardhi ikitikisika. Wenye nyasi na fito wamelijua hili kitambo. Kule Kasubi, jengo kuu la makaburi ya Kabaka, lililojengwa mwaka 1882, lilikuwa na kipenyo cha mita 31 na kimo cha ndani cha mita 7.5, paa lote la nyasi likishuka hadi karibu na ardhi bila kona hata moja. Liliungua Machi 2010, likajengwa upya kwa umbo lilelile. Na nyasi zenyewe hazijui kukaa kwenye kona, zinavuja maji kwenye mkunjo wa ghafla.

Bati lina tabia nyingine. Limetoka kiwandani mstatili, na ukilikata pembetatu kufunika duara unatupa vipande vingi na kuacha viungo vingi vya kuvuja. Tofali la mstatili kwenye duara dogo linaacha pengo la kabari upande wa nje, linalokula saruji. Kitanda, kabati na meza vinaacha nafasi ndogo za umbo la mwezi mwandamo, zisizofaa kitu, nyuma yake. Na duara mbili zikikaa jirani, nafasi iliyo kati yake imepotea, ilhali mistatili inagawana ukuta mmoja. Mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 mjini hana haja ya kuwaza, achague mstatili. Mwenye nafasi pana Kitgum au Moroto, paa likiwa la nyasi, chumba kimoja kimoja, duara ni nafuu na baridi yake tamu. Paa likiwa la bati, mstatili, hata huko.

Ukishachagua mstatili, kubali kwamba umechukua na udhaifu wake. Angalia plasta ya nyumba yoyote ya zamani: ufa umeanzia kwenye kona ya dirisha, unapanda kwa mshazari. Mzigo wa ukuta unapozunguka tundu lenye pembe kali, unajikusanya pale penye ncha. Linta, yaani boriti ya juu ya dirisha, ipite ukingo wa dirisha pande zote mbili, angalau sentimita 15, na juu ya kuta zote uvae mkanda wa zege uliofungwa kwenye kona kwa nondo zilizokunjwa. Nondo mbili zilizonyooka zikakutana tu kwenye kona bila kukunjwa hazishikani na chochote, na hilo ukilikosa kuliona kabla ya zege kumwagwa, huwezi kuliona tena.

Duara, ukilichagua, kulichora ni rahisi kuliko yote yaliyotangulia: kigingi kimoja katikati, kamba moja, mtu mmoja anazunguka. Acha kigingi hicho mahali pake hadi ukuta ufike kwenye linta, kwa sababu kila kozi inapimwa upya kutoka kwake, kamba ikishikwa bapa, na wima wa ukuta bado unatoka kwenye timazi.